Kwa vijana wa Burundi mliozaliwa baada ya Arusha

Wanangu na wajukuu zangu,

Amahoro. Salamu zangu kutoka Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ziwafikie nyote, wa Bujumbura na Gitega, wa Rumonge na Ngozi, mlioko Kigoma na Nyarugusu, na mliokwenda mbali zaidi ya hapo.

Ninawaandikia kwa sababu ya yale ninayoyasikia kwenye posa. Watu wa mtaa wetu wamezoea kunituma niwe mshenga, na mshenga husikia mengi. Sijapata kumsikia mzazi akiuliza waziwazi, "Huyo kijana ni Mhutu au Mtutsi?" Wanaona haya. Wanachouliza ni hiki: "Wakati wa vita mlikimbilia wapi?" Ukijibu kwamba mlikuwa Tanzania kambini, wameshakujua: Mhutu. Ukijibu kwamba mlikuwa kwenye kambi ya waliohamishwa, palepale makao ya komini, yaani ya wilaya, karibu na wanajeshi, wameshakujua pia: Mtutsi. Na kama bado mambo hayajawa wazi, lipo swali la pili, nalo hutolewa kwa sauti ya pole kabisa: "Na babu yake alifariki mwaka gani?" 1972 ni jibu: Mhutu. 1993 ni jibu: Mtutsi. Baada ya hapo soda zinafunguliwa, watu wanacheka, na kila mmoja ameshaamua moyoni.

Wazee wenzangu wakifanya hivyo sishangai, kwa yale waliyoyaona. Kinachoniuma ni kwamba na nyinyi mmejifunza. Mmezaliwa baada ya tarehe 28 Agosti 2000, siku mkataba wa amani ya Burundi ulipotiwa saini Arusha. Hamkusimamishwa kwenye kizuizi mkakaguliwa sura. Lakini mnajua kupima pua na urefu. Mnamsikia mtu akiongea Kiswahili cha Tanzania, na kabla hajamaliza sentensi mmeshasema moyoni, huyu amekulia Mishamo au Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, babu yake ni wa 72. Mnamuuliza mwenzenu amesoma lise gani, yaani sekondari gani, wazazi walikaa mtaa wa Kamenge au wa Ngagara, na jibu lake mnaliweka akiba.

Basi nijieleze mapema ili msipate taabu ya kunipima. Baba yangu alikuwa Mmanyema wa Kongo, alivuka Ziwa Tanganyika akiwa kijana. Mama yangu alikuwa Mtutsi wa Bururi. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mhutu wa Muramvya. Watoto wangu wakiwa Buyenzi wanaitwa Waswahili, wakitoka nje ya Buyenzi wanaitwa kila jina.

Sikuja kuwaambia muache kabila zenu. Wapo wanaowashauri hivyo, kwamba sisi sote ni Warundi, tuna lugha moja na Mungu mmoja, na kwamba haya mengine aliyaleta Mzungu. Ukweli upo ndani yake. Mbelgiji alitukuta na machifu wa kila namna. Mwaka 1929 bado walikuwepo machifu Wahutu zaidi ya 20, na kufika 1945 hakubaki hata mmoja. Aliyapanga mambo hivyo, akaondoka mwaka 1962. Lakini malori ya mwaka 1972 hayakuendeshwa na Wabelgiji. Aliyesimama mbele ya darasa akasoma majina kwenye orodha alikuwa Mrundi, na waliotoka darasani wakapandishwa lori walikuwa Warundi. Mwaka 1993 aliyeshika panga na aliyekatwa nalo walikuwa wanachota maji kisima kimoja. Ukimwambia mjane wa mmoja wao kwamba kabila ni hadithi tu ya wakoloni, atakuangalia na kunyamaza. Kwake yeye kabila ndilo lililomuua mume wake.

Ninachowaomba ni kitu kingine. Ninawaomba mwache kuhesabu maiti za upande mmoja.

Angalieni kalenda yetu. Tarehe 29 Aprili 1972, waasi waliwashambulia watu kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi, na wanawake na watoto wakiwemo. Hapo serikali ya Rais Micombero, Mtutsi, ikaanza kuwasaka Wahutu nchi nzima, na haikuwatafuta waasi tu. Walichukuliwa walimu, wauguzi, makarani, wanajeshi, wanafunzi wa chuo kikuu na wa sekondari, hata mtu wa duka dogo la chumvi na sabuni. Nilikuwa kijana ninajifunza ufundi wa magari hapa Buyenzi, na malori yale niliyaona kwa macho yangu. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Hawakuzikwa na ndugu zao. Waliitwa abamenja, wasaliti, na mjane wa msaliti hakuruhusiwa kulia kwa sauti wala kuweka matanga. Mali zilichukuliwa. Watoto walikua wakijua baba hayupo, na wasijue wamjibu nini mwalimu anayeuliza yuko wapi.

Sasa njooni tarehe 21 Oktoba 1993. Siku ile wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuwa rais, aliyekuwa ameapishwa Julai 10 ya mwaka uleule. Siku hiyohiyo, Kibimba, upande wa Gitega, wanafunzi Watutsi walichukuliwa shuleni kwao wakafungiwa kwenye kituo cha mafuta, wakachomwa moto. Vilimani Watutsi waliuawa na majirani zao, familia kwa familia, na Wahutu waliuawa na jeshi lililokuja kulipiza. Vita iliyofuata ilichukua watu wapatao 300,000.

Kila tarehe kati ya hizo ina vilio viwili. Na sisi tumegawana kama urithi: huyu amechukua Aprili, yule amechukua Oktoba. Hata Oktoba yenyewe tumeikata katikati. Viongozi wanaweka maua kwenye mnara wa Ndadaye mjini Bujumbura, na wakati huohuo familia nyingine zimesimama Kibimba. Ukijua mtu amekwenda wapi siku hiyo, huna haja ya kupima pua yake.

Kila upande una karatasi yake pia. Mwaka 1996 tume ya Umoja wa Mataifa iliandika kwamba vitendo vya mauaji ya kimbari vilifanywa dhidi ya Watutsi mwaka 1993. Mwaka 2021 Tume yetu ya Ukweli na Maridhiano, ile tunayoiita CVR, ilipeleka ripoti bungeni, na yaliyotokea 1972 yakatangazwa kuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Nimewasikia vijana wakibishana kwa karatasi hizo mbili hadi povu linawatoka, mmoja akisema yenu haihesabiki, mwingine akijibu yenu ndiyo iliyoanza. Wanangu, karatasi zote mbili zinasema kwamba watu waliuawa. Ya kwako inapunguziwa nini nikiisoma na ya mwenzako?

Januari na Februari 2020 CVR ilifukua makaburi ya pamoja kule Karuzi, karibu na mto Ruvubu. Yalitoka mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Pamoja na mifupa walikuta nguo, miwani, rozari. Wapo waliotambua ndugu zao kwa vitu hivyo baada ya miaka 48. Jaribuni kufikiri mtu aliyekwenda kufa amevaa miwani yake, kwa sababu alidhani anakwenda kuhojiwa tu na jioni atarudi kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Anayehitaji kujua kabila la mwenye miwani hiyo kabla ya kumhurumia, huyo ana ugonjwa, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Nitawaeleza posa moja niliyoipeleka. Kijana alizaliwa Katumba, familia yake ikarudi Burundi ikakaa upande wa Rumonge, ikakuta shamba la babu lina watu wengine, mambo mnayoyajua. Msichana ni wa hapa mjini, kwao asili yao ni Gitega. Tulipokaa, wajomba wakaanza mchezo wao: mlikuwa wapi, mlirudi lini, mlikaa na nani. Kijana akajibu kwa Kirundi kilichochanganyika na Kiswahili cha Mpanda, jasho likimtoka kwenye shati jeupe alilovaa siku hiyo. Nikaona wajomba wanapeana macho.

Bibi wa msichana alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni, hajatia neno. Akawakatiza. Akamwambia, "Mwanangu, acha hao. Babu yako alikuwa nani?" Kijana akasema, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, walimchukua mwezi wa tano 72, kaburi lake hatulijui. Bibi akamuuliza jina. Akalitaja. Bibi akalirudia jina lile polepole, kisha akasema, "Mimi mwanangu alikuwa anasoma Kibimba." Akataja jina na yeye. Kijana hakujua afanye nini, akainuka akaenda kuchuchumaa karibu na mkeka. Wakaongea wawili wao muda mrefu, kuhusu kitu gani, mimi sikukisikia chote. Nilisikia bibi akiuliza kama mwalimu yule alikuwa mkali.

Sitawadanganya kwamba kila posa inakwenda hivyo. Ile ilijibiwa ndiyo. Nyingine niliyoipeleka baadaye ilikufa kwa mizunguko, watu wakasema "tutafikiri" na hadi leo wanafikiri. Lakini tangu siku ile ya bibi nimeweka sharti langu. Anayetaka nimpelekee posa aje na majina ya marehemu wa nyumba yake, waliouawa mwaka wowote ule, na tukifika nitayataja, na upande wa pili utataja ya kwao, kabla ya neno lolote la mahari. Wapo waliokasirika wakatafuta mshenga mwingine. Sawa.

Sisi wa Buyenzi tulijisifu sana zamani kwamba hapa hakuna kabila, kuna Uislamu na Kiswahili na kazi ya mkono. Na kweli, Rwagasore alipoanza kudai uhuru alipata watu wengi hapa kwetu, kwa sababu mtoto yule wa mfalme wetu, Mwami Mwambutsa, alikaa na kila mtu bila kumuuliza asili yake. Alishinda uchaguzi Septemba 1961 na akauawa Oktoba 13 mwaka huohuo, kabla hajaiona Burundi huru. Maneno yale ya kwamba hapa hakuna kabila tuliendelea kuyasema. Machi 1995, Kamenge na Kinama zikiwa zimeshabaki za Wahutu, Ngagara na Musaga za Watutsi, moto ukatufikia na sisi Bwiza na Buyenzi. Waliuawa watu wa Mungu, Wahutu na Wakongomani, waliobaki wakakimbilia Uvira, ng'ambo Kongo. Milango ilijulikana. Tulikuwa hatuyasemi mambo ya kabila barazani, lakini kila nyumba ilikuwa inajulikana ni ya nani. Ndiyo maana siuamini ukimya. Mnaweza kukaa miaka 30 bila kulitaja kabila, na siku ikifika mtu akavuka barabara akaelekea mlango anaoujua.

Fikirini pia vijana wa seminari ya Buta, kule Bururi. Asubuhi ya tarehe 30 Aprili 1997 washambuliaji waliingia bwenini wakaamuru Wahutu wakae huku na Watutsi kule. Walikataa kutengana. Waliuawa 40. Watu huhadithia kisa hiki kama kwamba watoto wale hawakuwa na kabila. Walikuwa nalo, na walijuana nani ni nani, maana walilala chumba kimoja na kula sahani moja katika miaka ambayo kila kilima kilikuwa kinaungua. Walijua kabisa nani angepona kama wangetengana. Umri wao ulikuwa kama wenu. Makaburi yao yapo palepale, na watu huenda kuhiji. Nanyi nendeni, Waislamu na Wakristo, na msome majina moja moja.

Kuhusu viwango vya katiba, asilimia 60 Wahutu kwa 40 Watutsi katika Bunge, nusu kwa nusu katika Seneti na jeshini, na viti vya Watwa, kabila letu dogo la tatu, sina mengi. Vilitusaidia. Askari wa zamani na waasi wa zamani walilala kambi moja, na mwaka 2015 nchi ilipowaka tena kwa ajili ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, waliosimama pamoja barabarani na waliowapinga walikuwa wa kila kabila. Wale waliotaka kuirudisha 1993 hawakufanikiwa. Katiba ya 2018 iliiachia Seneti ifikirie kama viwango viendelee, na hilo ni la wakubwa. Lakini mambo ya kugawana viti bungeni yabaki bungeni. Msiyalete kwenye kamati ya harusi, kwenye timu ya mpira, kwenye kuchagua wa kupanga naye chumba. Na mtoto wa Mhutu na Mtutsi, mnayemwita Hutsi, msimlazimishe kuchagua nusu moja ya mama yake na baba yake ili hesabu zenu zikae sawa. Mwaka 2018 mashirika ya kigeni yalipotakiwa kupeleka orodha za wafanyakazi na kabila zao, vijana wengi waliona ni makaratasi tu. Sisi tulioziona orodha za 72 hatukulala vizuri.

Mnawasahau Watwa, na hilo naliongeza hapa kwa sababu lisiposemwa hapa halisemwi popote. Katika mabishano yenu yote hamtaji marehemu wao hata mara moja, na wapo waliokufa 72 na 93. Na hadi leo wapo Warundi wasiokubali kunywa kikombe kimoja na Mtwa. Anayetaka kujua kama amepona ajiulize kuhusu hilo.

Mnachoweza kufanya ni kidogo na kinawezekana. Mwaka huu, ikifika Aprili 29, wewe ambaye babu yako aliuawa 93, mtafute rafiki yako wa 72 umwambie, nataka kwenda nawe. Ikifika Oktoba 21, wewe wa 72 au wewe unayemlilia Ndadaye, panda basi uende Kibimba. Usiende kutoa hotuba. Usiende kupiga picha. Nenda ukae na watu kama tunavyokaa matangani, utoe pole, ubebe viti, uondoke. Na nyumbani, waulizeni wazee wenu wakiwa hai: nani, kilima gani, nani alimwita nje, nani alijaribu kumficha. Muulizeni hili la mwisho kwa nguvu, kwa sababu waliowaficha watu wa kabila jingine walikuwepo kila mahali, 72 na 93, na wengi wamekufa bila kushukuriwa kwa kuwa kila upande uliona haya kuwataja. Nendeni kwa bashingantahe, wazee wasuluhishi wa kilima chenu, wengine bado wanakumbuka. Andikeni.

Nimebakiza neno kwa wachache wenu. Wapo kati yenu ambao baba au babu hakuuawa. Yeye ndiye aliyesoma orodha, au ndiye aliyesimama kwenye kizuizi, au aliyeleta petroli. Wengine mnajua, wengine mmeanza kushuku, kwa sababu mkitaja mwaka fulani nyumbani, mama anainuka na kwenda jikoni. Barua hii mnaisoma mkidhani haiwahusu, kwamba mnayo haki ya kunyamaza tu.

Wewe hukuua. Hukuwa umezaliwa. Hakuna mtu mwenye haki ya kukudai damu hiyo, na akikudai, njoo uniambie mimi. Lakini wewe unaweza kujua kitu ambacho hakuna mwingine anaweza kukijua: wapi walizikwa. Yupo mzee nyumbani kwenu anayejua shimo liko nyuma ya shule gani, chini ya mti gani. Muulize. Muulize akiwa bado na fahamu zake, na ukishapata jibu lipeleke, kwa CVR au kwa familia yenyewe, au kwa padri, au kwa imamu, kwa njia yoyote utakayoona ina usalama kwako. Watu wengine wamekaa zaidi ya miaka 50 bila kujua mahali pa kusimama wakaomba dua. Siwezi kukuahidi kwamba watakukumbatia. Wengine watageuza uso, na wana haki. Hata hivyo lipeleke.

Ni mimi mzee wenu,
Mshenga wa Buyenzi, Bujumbura